Una ADHD na usonji kwa pamoja? Namna ya kuifanya tiba ikufae nyumbani: mwongozo kamili kwa wakazi wa Mtwara na Lindi

Wengi wanaokwama wanakwama pale pale. Mtu anasafiri kutoka Newala au Nachingwea, anaonana na mtaalamu kwa nusu saa, anaambiwa ajipangie ratiba na apunguze mawazo. Anarudi na ari, anabandika ukutani ratiba ya siku nzima, saa kwa saa. Wiki ya tatu ratiba imeshabanduka, yeye anaamini ni mvivu, na nauli ya kurudi kliniki imekwisha.

Uvivu hauhusiki hapo. Ratiba ile ilimfaa mtu mwenye hali moja. ADHD (hali ya umakini kuyumba na mwili kutotulia) inachoka na kinachojirudia, usonji (autism) unaumizwa na kinachobadilika ghafla, na mwenye vyote viwili anavutwa huku na huku ndani ya siku moja. Mwongozo huu unapita humo humo katikati. Umeandikwa kwa kijana au mtu mzima na ndugu anayeishi naye. Mzazi wa mtoto mdogo aangalie sehemu yake baada ya hatua ya 7.

Tenga wiki 14: mbili za kuandika na 12 za kazi yenyewe.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari moja la kaunta. Moja tu. Ukinunua matatu utapoteza matatu.
- Saa ya ukutani yenye mishale. Ya namba inakuambia sasa ni saa ngapi, lakini haikuonyeshi muda uliobaki kabla ya kutoka.
- Simu, hata ya kitochi, inayopokea alamu tatu au zaidi.
- Karatasi moja ya manila, mark pen na selotepu.
- Vizibo vya masikio vya povu. Pamba haizuii kelele kiasi cha kutosha, na vipande vyake hubaki ndani ya sikio.
- Kofia pana au miwani ya jua.
- Bakuli la wazi na msumari mmoja karibu na mlango, kwa ajili ya funguo, simu na kadi ya kliniki.
- Mtu mmoja mzima ambaye humwogopi. Humu tutamwita mwenza. Anaweza kuwa mke, kaka, rafiki au jirani.
- Nauli ya safari ya pili ya kliniki, iwekwe pembeni kabla hujaenda ya kwanza. Tiba nyingi za huku kusini zinafia kwenye nauli hiyo.

## Hatua ya 1: Andika wiki mbili kabla ya kumwona mtaalamu

Gawa ukurasa safu tatu: Kabla, Kilichotokea, Baada. Kila siku andika tukio moja hadi matatu, yasizidi hapo. Chukua yaliyokuletea hasara au aibu, na pia yale yaliyokwenda vizuri kupita kawaida.

Mstari wa aina hii haumsaidii mtu: "Jumanne, hasira."

Huu unasaidia: "Jumanne. Kabla: nimelala saa nane usiku, sijanywa chai, soko la samaki limejaa, jenereta inanguruma. Kilichotokea: nimemfokea muuza pweza, nimeondoka bila chenji. Baada: nimelala gizani hadi alasiri, nikaamka sawa."

Mtaalamu akisoma mstari wa pili anaona usingizi, njaa na kelele kabla hajaona hasira. Tiba inaanzia kwenye hiyo safu ya Kabla, maana hapo ndipo mtu anaweza kubadili kitu.

Ukurasa wa pili uwe wa utotoni. Vigezo vya ADHD vinataka dalili ziwe zilijitokeza kabla ya miaka 12 na zionekane sehemu zaidi ya moja, kwa mfano nyumbani na shuleni. Usonji nao mizizi yake ni ya utotoni, hata kama mtu aliweza kuuficha kwa miaka. Muulize mama, bibi, shangazi: alianza kusema lini? Alicheza na wenzake au pembeni yao? Kuna nguo au chakula alichokikataa katakata? Ikibadilishwa njia ya kwenda shamba alikuwaje? Tafuta na ripoti za shule. Maoni ya mwalimu wa darasa kama "ana uwezo ila hatulii" yana thamani kuliko alama zenyewe.

Ukurasa wa tatu: magonjwa, dawa zote unazotumia pamoja na za miti shamba, degedege au kifafa, kukoroma, hedhi kama ni mwanamke, pombe. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, kukosa usingizi na sonona vinaweza kumfanya mtu aonekane ana ADHD wakati hana, au kuizidisha aliyonayo.

Onyo. Vile vipimo vya maswali kumi vya kwenye simu havitoi hukumu. Vichukue kama sababu ya kwenda kuonana na mtaalamu, basi.

Umefanikiwa ukiona vitu viwili vinajirudia kwenye safu ya Kabla bila wewe kuvitafuta.

## Hatua ya 2: Ingia kwa mtaalamu na karatasi moja mkononi

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe barua ya rufaa. Hospitali za rufaa za mkoa ni Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Iko pia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, pale Mitengo, nje kidogo ya mji wa Mtwara. Ukiwa upande wa Masasi, ulizia na hospitali ya misheni ya Ndanda. Kabla ya kupanda gari piga simu uulize mambo matatu: kliniki ya afya ya akili ni siku gani, nani anaiendesha kwa sasa, na bima yako inapokelewa. Watu wanatoka Liwale usiku kucha wakakuta siku ya kliniki ilikuwa jana.

Wataalamu wanatofautiana kazi. Daktari wa afya ya akili anatambua hali na kuandika dawa. Mwanasaikolojia anafanya tiba ya mazungumzo. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo anashughulika na kazi za kila siku na mambo ya hisia za mwili: kelele, mguso, harufu. Afisa ustawi wa jamii anajua njia za msaada. Usitegemee kuwapata wote chini ya paa moja. Muuguzi wa afya ya akili unayeonana naye kila mwezi Masasi atakufaa zaidi ya bingwa wa Dar es Salaam unayemwona mara moja kwa mwaka, kilomita zaidi ya 500 kutoka kwako. Bingwa anahitajika kwa utambuzi mgumu na kwa dawa. Kazi ya kila wiki inaweza kufanyika karibu.

Mpe karatasi hii mkononi. Usijaribu kuisema kwa mdomo, kwa sababu ukiwa na wasiwasi utasahau nusu:

"Naomba kupimwa ADHD na usonji kwa pamoja. Dalili nilizonazo tangu utotoni ziko ukurasa wa pili. Mambo mawili yanayoniharibia maisha sasa ni usingizi na kulipuka sokoni. Huwa sitazami mtu machoni ninapofikiri, lakini nasikiliza. Naomba maagizo kwa maandishi. Ukiniuliza najisikiaje, nitachelewa kujibu."

Ukiambiwa huwezi kuwa na vyote viwili, eleza kwa adabu kwamba mwongozo wa utambuzi wa Marekani, DSM, ulikataza hilo hadi 2013, toleo la tano likaruhusu. Waliosoma kabla ya hapo walifundishwa kuchagua moja, na si kosa lao.

Foleni yenyewe ni mtihani. Fika mapema, mwombe muuguzi wa mapokezi akupigie simu zamu yako ikikaribia, usubiri nje chini ya mwembe. Wengi wao hawakatai wakielezwa kwa upole.

Mtaalamu wa kuachana naye: anayeahidi kuuponya usonji, anayekulazimisha umtazame machoni, anayekukataza kutikisa mguu au kuchezea kitu mkononi wakati humdhuru mtu, au anayesema mtoto achapwe.

## Hatua ya 3: Lengo moja kwa wiki nne

Hapa ndipo ari inapoua tiba. Mtu anataka kulala mapema, kuacha simu, kuweka akiba na kuacha kufoka, vyote kuanzia Jumatatu. ADHD hufurahia mwanzo mpya, kwa hiyo siku nne za kwanza zitakudanganya kwamba unaweza.

Chagua moja na mtaalamu wako, liwe la kuhesabika. "Niwe makini" huwezi kulipima. "Taa izimwe kabla ya saa tano usiku, siku nne kati ya saba" unaweza. Siku nne ni za makusudi: ukitaka saba, ukikosa ya kwanza utaacha zote.

Kama huna uhakika uanze na lipi, anza na usingizi. Ukikosa usingizi umakini unapungua na kelele zinauma zaidi, na hakuna mbinu itakayoshika juu ya kichwa kisicholala.

## Hatua ya 4: Rekebisha mazingira kabla ya kumrekebisha mtu

Pitia nyumba kwa mlango mmoja mmoja wa fahamu.

Masikio: mabati bila dari wakati wa mvua, spika za jirani, bajaji chini ya dirisha, vigoma vya msimu wa jando na unyago vinavyoweza kukesha. Vizibo vinapunguza kelele, havimalizi. Kitanda kihamishiwe kwenye ukuta wa mbali na barabara. Msimu wa ngoma ukikaribia, uliza tarehe za mtaani kwako na upange mapema usiku wa kulala kwa ndugu wa mtaa mwingine.

Ngozi: joto la pwani linamaliza uvumilivu mapema kuliko watu wanavyodhani. Kuoga adhuhuri, kanga iliyolowekwa mabegani na nguo za pamba zisizo na lebo shingoni ni sehemu ya tiba, hakuna anayedeka hapo.

Macho: chumba cha kazi kiwe na upande mmoja usio na kitu chochote ukutani. Hapo ndipo uso uelekee.

Pua na ulimi: kama harufu ya ng'onda inakufukuza jikoni, mtu mwingine apike siku hiyo. Kurudia chakula kile kile hakuna ubaya mradi mlo una mchanganyiko. Ukila ugali wa muhogo kila siku, ongeza kisamvu, samaki au kunde, kimoja kimoja, pembeni ya sahani. Usichanganye ndani.

Weka na kona ya kutulia: mkeka, pazia zito, maji ya kunywa, vizibo, kitu cha kushika. Sheria ya kona ni moja. Mtu akiwa humo hasemeshwi.

Kinachoharibika: familia inageuza kona kuwa adhabu, "nenda kakae kule!" Ikifanyika mara mbili hataiingia tena kwa hiari yake.

## Hatua ya 5: Vigingi badala ya ratiba ya saa kwa saa

Hatua hii ndiyo moyo wa mwongozo, isome taratibu.

Mbuzi aliyefungwa kwa kamba ndefu ana kigingi kisichosogea na eneo la kujilia atakavyo. Siku yako iwe hivyo. Usonji unapata kigingi, ADHD inapata kamba.

Weka vigingi vitatu tu kwa siku, vyote vifungwe kwenye jambo ambalo tayari lipo. Kwa wengi hapa pwani adhana na milo inafaa kuliko saa. Mfano: baada ya chai ya asubuhi, daftari kwa dakika kumi, baada ya chakula cha mchana, nusu saa peke yako, baada ya Isha, simu inaingia kwenye bakuli la mlangoni na inalala huko. Wasiofunga siku kwa sala watumie kengele ya shule ya jirani au muda wa kurudi watoto.

Katikati ya vigingi usiandike saa. Andika orodha ya kazi sita kwenye manila, ukitenganisha za mwili na za kukaa, na kila unapofika hapo chagua moja kwa hamu ya siku hiyo. Kazi zinabaki zile zile, kwa hiyo hakuna la kushtua. Mpangilio unabadilika, kwa hiyo hakuna la kuchosha.

Kila baada ya wiki mbili badilisha kazi mbili za orodha, pamoja na mlio wa alamu na rangi ya maandishi. Vigingi usiviguse. Mtu akiona mfumo umemchosha hutupa wote, hata sehemu iliyokuwa inafanya kazi.

Kwa kutoka nyumbani tumia alamu tatu: dakika 30 kabla (acha unachofanya, oga), dakika 10 kabla (vaa, chukua vya kwenye bakuli), na ya mwisho ya kutoka. Ya kwanza ndiyo muhimu, kwa sababu mtu aliyezama kwenye kitu anachokipenda anahitaji muda wa kutoka humo. Kumkatisha ghafla ni chanzo kikubwa cha ugomvi nyumbani. Mwenza asimame anapoonekana, aseme sentensi moja, asubiri. Asirudie kabla ya dakika mbili.

Umefanikiwa ukiona vigingi viwili kati ya vitatu vimesimama siku nyingi za wiki. Ukiipata siku ya vitatu, vizuri, ila usiifanye kipimo.

## Hatua ya 6: Vunja kazi mpaka ianze na mkono

"Peleka korosho ghalani" haianziki, ina kazi kumi ndani yake. Akili yenye ADHD inaiona yote kwa mara moja na inakwama. Akili ya usonji inataka kujua kila kipande kabla haijagusa cha kwanza.

Ivunje hivi: toa magunia stoo. Tandika turubai. Mwaga gunia moja. Toa zilizooza, mawe na maganda. Anika. Pumzika. Rudia gunia la pili. Mpigie karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, uulize siku ya kupokea. Piga simu ya usafiri. Beba. Omba stakabadhi, isome uzito kabla hujaondoka kaunta, iweke kwenye daftari.

Kanuni mbili. Kila kipande kianze na kitendo cha mkono au mguu. Na kisizidi dakika 15. Kikizidi, kivunje tena.

Mwenza anasaidia sana hapa kwa kukaa tu. Analeta kazi yake, ukili au kupepeta mchele, anakaa hatua mbili kutoka kwako na haongei. Kuwepo kwake kunakushikilia kwenye kazi. Akianza kutoa ushauri, msaada umeisha.

## Hatua ya 7: Panga la kufanya wakati wa kulipuka na kuganda

Mzigo wa hisia ukizidi, mwenye usonji anaweza kulipuka: kupiga kelele, kulia, kurusha vitu. Au anaganda: sauti inakata, hajibu, hasogei. Vyote viwili vinatokea pale uwezo wake unapomwishia. Havifanywi kwa makusudi na havina hila, ndiyo maana kubembeleza kwa zawadi au kutisha kwa fimbo havisaidii.

Dalili za awali ziandikwe na mwenza, kwa sababu mwenyewe huzigundua mwisho. Wengi hawana jibu la "unajisikiaje?" ila wanaweza kujibu "taya limekaza?" au "masikio yanavuma?" Tengenezeni na mtaalamu orodha ya ishara tano za mwili, na kila ishara iandikiwe tendo lake. Taya likikaza, vaa vizibo. Ukiona unauliza jambo lile lile mara tatu, toka nje. Sauti ya watu ikianza kuuma, nenda kwenye kona.

Tukio likishaanza, ndugu afanye hivi:

1. Apunguze maneno. Sentensi moja fupi, kisha kimya.
2. Azime redio, televisheni na taa.
3. Awatoe watazamaji, watoto wa mtaani kwanza.
4. Asimguse mpaka ameombwa, isipokuwa kuna hatari ya moto, kisima au barabara.
5. Asubiri. Dakika 20 ni kawaida, saa nzima pia.

Mazungumzo ya kilichotokea yasubiri kesho yake, na yawe ya daftari: nini kilikuwa kwenye safu ya Kabla?

Familia nyingi zitataka kisomo, maombi au mganga. Kugombana nao kunaongeza kelele ndani ya nyumba. Wakubalieni dua, isomwe mtu akishatulia, kwa sauti ndogo, bila moshi wa ubani chumbani, na dawa za hospitali zisisimamishwe. Kufungwa kamba, kuchapwa, kunyimwa chakula na kunyweshwa vitu visivyojulikana hapana. Vimiminika vyenye klorini vinavyouzwa mtandaoni kama tiba ya usonji ni sumu inayounguza utumbo.

### Kama ni mtoto mdogo

Masikio yapimwe kwanza, maana mtoto asiyesikia hufanana na asiyejali. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye uchelewaji wa ukuaji: vipindi tisa vya kikundi na matembezi matatu ya nyumbani. Uliza ustawi wa jamii au hospitali kama kuna anayeyatoa karibu. Nyumbani anza na picha mbili ukutani, "kwanza" na "halafu": kwanza kuoga, halafu mpira. Na kabla ya jando au unyago, zungumza mapema na ngariba au kungwi kuhusu kelele, giza, mguso na chakula, au ombeni tohara ya mvulana ifanyike hospitali na sherehe ifupishwe. Mtoto anayeumizwa au kufungiwa, piga 116, simu ya watoto ya taifa, bila malipo.

## Hatua ya 8: Pesa ya msimu

Malipo ya korosho yanaingia kwa mkupuo baada ya mnada, na ADHD humsukuma mtu atende kabla hajafikiri. Hatari ziko mbili. Kabla ya mnada, kuuza kangomba (kwa walanguzi, nje ya mnada) kwa bei ya chini kwa sababu leo kuna shida na kusubiri kunauma. Baada ya malipo, pikipiki ya mkopo, simu mpya na harusi ya watu.

Andikeni karatasi mwezi wa Agosti, kabla msimu haujafunguliwa: salfa na pembejeo za mwakani, ada, chakula hadi msimu ujao, kliniki na nauli zake, na fungu la starehe. Fungu la starehe lisikosekane, bila hilo karatasi nzima itavunjwa. Pesa ikiingia, mafungu ya kwanza yahamishwe siku hiyo hiyo kwenye akaunti isiyo na kadi wala simu. Kitu chochote nje ya karatasi kisubiri saa 48, na kiandikwe kwenye daftari. Hamu nyingi hufa kabla ya saa hizo.

Mikopo ya kausha damu na ya kwenye simu ifutiwe programu zake kabisa. Kuwa na nia tu hakutoshi mbele ya kitufe cha kukopa saa sita usiku.

## Hatua ya 9: Dawa

Hakuna dawa inayoondoa usonji. ADHD ina dawa, na methylphenidate ndiyo inayojulikana zaidi. Ni dawa inayodhibitiwa, inaandikwa na daktari, na upatikanaji wake hauna uhakika. Muulize kabla ya kuanza: itapatikana wapi, na ikikatika nifanye nini?

Presha, mapigo ya moyo na uzito vipimwe kabla na vifuatiliwe. Kwa mtoto ongeza urefu. Hamu ya kula ikipungua, kula vizuri kabla ya kumeza asubuhi, na mlo mkubwa uwe usiku. Ikimezwa mchana sana, usingizi unapotea. Wenye usonji wanaweza kuwa wepesi kupata maudhi, kwa hiyo daktari huanza na dozi ndogo na kupanda polepole. Mwenye ugonjwa wa moyo aseme mwanzoni kabisa.

Usiazime vidonge vya mtu. Usivibadilishe kwa vinywaji vya kuongeza nguvu. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, ombeni daktari apange upya muda wa dozi wiki mbili kabla, maana daku na tarawehe zinahamisha usingizi wote. Dawa za kifafa au za sonona usiziache ghafla kwa sababu yoyote.

## Hatua ya 10: Saa moja ya tiba na wiki zinazofuata

Nenda na mambo matatu yaliyoandikwa, la kwanza likiwa lile usilopenda kulisema. Dakika tano za mwisho ombeni kazi moja ya nyumbani iandikwe kwenye daftari kwa maneno ya kutendeka. "Jipende" si kazi ya nyumbani. "Andika mara tatu wiki hii ulichojiambia ulipochelewa" ni kazi.

Ukiwa mbali, omba mpango wa kuonana uso kwa uso mara moja kwa mwezi na simu ya dakika 20 kila wiki mbili. Simu ikikuchosha, omba ujumbe wa maandishi.

Kila wiki ya nne kaeni na daftari: lengo limefikiwa siku ngapi? Likifikia nusu, endelea nalo. Chini ya nusu, lipunguze, usiliache. Likishika, ongeza la pili.

Kuporomoka kutakuja: malaria, msiba, safari, wiki za kuokota korosho kuanzia alfajiri. Andaa mapema siku ya dharura yenye kigingi kimoja tu, kwa mfano kulala. Ikipita dhoruba, rudisha cha pili baada ya siku tatu, kisha cha tatu. Kurudisha vyote kwa siku moja ndiko kunakowaangusha wengi mara ya pili.

Fikra za kujiua, kujikata, kutokula siku mbili au kusikia sauti zisizokuwepo haviwezi kusubiri siku ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na mwenza, na nyumbani ondoeni sumu za shambani na kamba.

Jambo la mwisho kwa watu wa huku: wataalamu wa serikali huhamishwa. Kila baada ya miezi mitatu omba muhtasari wa ukurasa mmoja wenye utambuzi, dawa na dozi, kilichosaidia na kilichoshindikana, ukiwa na sahihi na mhuri. Toa nakala mbili, moja ikae kwenye daftari, nyingine kwa mwenza. Mtaalamu mpya akifika, utaanza naye kutoka mlipofikia na yule wa kwanza.